Upande wa Shoto

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita, halua imebaki sahani nzima, na mke wangu Mahira amenipiga marufuku nisimseme mtu mpaka mwezi huu wa Mfunguo Mosi umalizike. Anasema mdomo wangu umemkimbiza hata muuza mahamri wa mlangoni. Basi nitayaandika humu. Karatasi haina shangazi wa kumpelekea habari.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kutwa. Vanishi haikauki. Sanduku la mteja wa Malindi limeshika alama za vidole vyangu vyote, utadhani nimekamatwa na polisi.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ameingia karakanani mwanamke wa Nairobi, jina lake Sheryl, mwavuli ukichuruza maji juu ya mbao zangu. Amepanga nyumba hapa Mombasa, mtaa wa Kizingo. Kazi yake ni kununua magitaa makuukuu na kuwauzia watu wa nje. Akaketi juu ya sanduku la njumu, la nakshi za misumari ya shaba, ambalo kibandiko chake chasema lina miaka mia, akalikwaruza kwa ukucha, akaunusa ukucha.

"Hii ni ya mwezi gani?" akaniuliza.

Nikacheka. Ni la mwezi wa pili. Sisi mafundi wa masanduku kazi hiyo twaiita kuzeesha: chai ya rangi, masizi, mnyororo wa baiskeli, kisha sanduku likae chini ya ngazi penye unyevu mpaka lisahau limezaliwa lini. Mgeni hununua umri, hanunui mbao, nami umri ninao wa kumwuzia. Nilimpenda yule mwanamke kwa kuwa hakukasirika. Nikamwagizia kahawa, nikamwuliza gitaa kuukuu hupimwaje.

"Gitaa ikiangushwa ikakwaruzwa, bei inashuka," alisema. "Ikipakwa upya inashuka zaidi, hata ikiwa inang'aa. Mtu akishafuta ile vanishi ya kwanza, amefuta kila kitu. Lakini kuna ile imeliwa na mkono wa mtu mmoja, miaka na miaka, pale mkono unalala. Hiyo wateja wangu wanaipigania."

"Kumbe uchakavu nao una ukoo."

"Una ukoo, fundi. Na mimi naujua."

Tena ana shughuli nyingine. Mwisho wa Mei anaandaa jioni ya wanamuziki wakongwe wa pwani, pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni. Wazee watano wataitwa mbele za watu kwa majina yao, kila mmoja na chombo chake mkononi.

Alipoondoka nikayakumbuka magitaa matatu yaliyo darini. Niliyapata pamoja na viti vya hoteli moja iliyofungwa, na mtu asiye na haya alikuwa ameyapaka rangi ya kijani ya ukutani. Marehemu baba asingeyaacha yavuke kizingiti. Kwake gitaa lilikuwa chombo cha Ibilisi, na kwa utiifu wangu nimefika miaka hamsini na sita sijalipakata hata moja. Kuyauza ni jambo jingine. Baba hakusema neno juu ya kuyauza.

Jumatano, 9 Aprili

"Hodi wenyewe! Hamjambo humu?"

Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, kofia ya mkeka kichwani, ameshuka kwenye tuktuk na gitaa lililofungwa kwa leso. Anaitwa Tsofa. Anakaa mtaa wa Tudor kwa bintiye Mirriam, ambaye ni mwalimu. Zamani alipiga gitaa katika bendi za hoteli za huku. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya nyumbani, akaeleza shida yake, kisha akanisalimu upya. Alipokwisha kuketi akanisalimu tena. Nikamwambia mke wangu yu salama bado, hajafa tangu tulipoanza mazungumzo. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nasahau, mwanangu. Kichwa changu chavuja."

Unyevu umelibandua daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi. "Libandike tu," akasema. "Usilipake kitu. Nililinunua jipya hili. Yote haya nimeyafanya mimi." Akapitisha kiganja juu ya alama.

Niliziangalia alama zile. Ukingoni, upande wa uzi mwembamba, vanishi imeliwa mpaka mti wenyewe umetoka, mweusi na laini kama mpini wa jembe. Kando ya tundu pana mikwaruzo ya kucha, myembamba, mingi isiyohesabika, yote ikielekea upande mmoja. Nyuma ya shingo pameng'aa kwa kusuguliwa. Mimi nimezeesha masanduku maisha yangu yote na sijatengeneza kitu kizuri hivyo. Niliona wivu, nasema kweli.

Naye yumo katika wale watano wa Sheryl. Wazee wenziwe walimtaja, ingawa mwanamke mwenyewe hajamwona bado, wala gitaa hajaliona.

"Mengi yameniponyoka," akaniambia. "Juzi nimelisahau jina la mke wangu, naye amekufa akiniita. Nataka niitwe jina langu mbele za watu, hata mara moja, gitaa hili likiwa mkononi, kabla nami sijalisahau."

Nikamwambia kwa masika haya gundi yataka wiki nzima kukauka. Si kweli. Gundi ile hukauka usiku mmoja.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelifunika gitaa la Tsofa kwa nailoni inayoonyesha, nikachora kila alama kwa kalamu ya wino. Hata zile za kucha.

Jumapili, 13 Aprili

Mahira aliniletea chai akanikuta nimeinama juu ya nailoni.

"Na hilo walifanyani?"

"Najifunza."

"Wajifunza kuiba."

"Alama haiibiwi, mwanamke. Zake bado anazo."

"Kuna watu hujisugua paji la uso kwa jiwe wapate alama ya sijida," akasema. "Nao wakiulizwa husema wajifunza kusali."

Akaweka kikombe akatoka. Chai haikuwa na sukari.

Alhamisi, 17 Aprili

Tsofa amelichukua gitaa lake, na ameniletea mabuyu ya bintiye. Akaketi penye mwanga, akalipakata, akalipiga polepole. Niliufunga mlango kwa ajili ya majirani. Wimbo sikuusikiliza sana. Nilikuwa natazama jinsi mkono wake wa kushoto ulivyolala pale pale palipoliwa, na nikaona vipimo vyangu viko sawasawa.

Mzee mwenyewe ni mtu wa kufurahisha. Mabuyu nimeyamaliza peke yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Rangi ya kijani imetoka kwa tabu. Nimepaka vanishi nyembamba, nikaipepea kwa kipepeo cha jikoni maana hewa imelowa kama kitambaa cha kudekia. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Mkono wa mtu una chumvi na mafuta, kwa hiyo nasugua kwa ngozi ya kiatu niliyoichovya maji ya chumvi, kisha mafuta ya nazi kidogo, kisha msasa uliokwisha makali. Nasugua nikiitazama nailoni. Bega linaniuma, lakini raha ya kazi hii siwezi kumweleza mtu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sheryl amelichukua la kwanza. Alipitisha kidole ukingoni, akainamisha kichwa, akatabasamu. "Mwenye gitaa hii alikuwa mtu wa aina yake," alisema.

"Sana," nikamjibu.

Nairobi wanasema gitaa hii. Sikumsahihisha. Mteja hasahihishwi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Hakuna kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimempa Sheryl la pili alipokuwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Lilikuwa ndani ya mfuko wake, hakulifungua. Ameniamini.

Jumatano, 7 Mei

Tsofa amekuja kutoka Tudor, mvua yote hii, kuuliza kama aliacha kofia yake hapa. Kofia ilikuwa kichwani. Baada ya Alasiri niliisimulia barazani kwa muuza kahawa, nikamwigiza anavyojipapasa mifuko, watu wakacheka mpaka wakamwaga vikombe. Kamaludin jirani yangu hakucheka, lakini yeye hata harusini hacheki.

Mzee alikaa mpaka mvua ikapungua. Anasema hapa kwangu panamtuliza, panukia mbao. Nilimwacha akae. Kazi ya gitaa la tatu ilinibidi niifunike kwa gunia mpaka alipoondoka, nikapoteza asubuhi nzima.

Jumatatu, 12 Mei

La tatu limekwenda Kizingo kwa tuktuk. Ndilo bora. Ningekuwa naruhusiwa kuweka sahihi ningeweka.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nitaandika mengi.

Sheryl alirudi jana kutoka Nairobi, na leo asubuhi akanipigia simu niende. Nikavaa kanzu safi nikidhani kuna oda. Nyumbani kwake nikayakuta magitaa yote matatu yamelazwa mezani, kifua juu, yamepangwa kama samaki.

"Fundi, pakata hii."

"Mimi sipakati magitaa."

"Pakata."

Nikalipakata. Mara ya kwanza maishani, na nikamwogopa baba aliye kaburini. Mkono wangu wa kulia ukalala juu ya ukingo, mahali safi, penye vanishi nzima. Sheryl akanigusa goti.

"Palipoliwa ni huku chini, kwenye paja lako. Unaona? Hakuna mkono unafika huku. Labda mtu awe wa shoto, na gitaa aipindue juu chini. Ile ya kwanza nilifurahi, wa shoto ni wachache. Lakini tatu? Na huu mkwaruzo hapa kando ya tundu uko kwa zote, na umepinda vilevile." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nani alitengeneza hizi?"

Nilikuwa nimekaa na ujinga wangu mapajani. Mtoto yeyote aliyewahi kulishika gitaa angaliona. Mimi sikuliona kwa sababu ya adabu niliyolelewa nayo. Na nikaona papo hapo yatakayofuata: mwanamke huyu atasema, na kila mgeni atakayeketi juu ya sanduku langu ataanza kunusa ukucha. Karakana ya babu yangu ifungwe kwa ajili ya mkono wa kushoto wa mtu?

"Yalitoka kwa Mzee Tsofa," nikasema. "Mimi nimebandika madaraja tu."

Akachukua ufunguo wa gari. "Twende."

Tudor tulimkuta Mirriam mlangoni, daftari za wanafunzi mkononi. "Karibuni, karibuni ndani. Baba, una wageni." Walikuwapo majirani wawili waliokuja kumtazama mzee. Yeye akasimama kutusalimu, akafurahi kuniona, akamwambia Sheryl, "Huyu ndiye fundi wangu." Sheryl akayaegemeza magitaa matatu ukutani, kando ya lile la mzee. Yakawa manne. Na mimi mwenyewe, kwa muda, sikuweza kulitambua la kweli. Nilijisifu moyoni, Mungu anisamehe.

"Mzee, hizi ni zako?"

"Langu ni moja tu, mama."

"Fundi anasema ulimpelekea wewe."

Tsofa akanigeukia anatabasamu, akingoja nirekebishe. Uso ule sikuupenda. Ulikuwa wazi mno.

"Umesahau, mzee," nikamwambia. "Uliyaleta mwenyewe kwa tuktuk, ile siku ya mvua."

"Nilileta moja."

"Ulileta yote manne. Ukapitisha kiganja namna hii, ukasema, yote haya nimeyafanya mimi."

Tabasamu likaondoka polepole. Alikuwa anatafuta kitu, ungeona macho yanavyotafuta. "Maneno hayo ni yangu," akasema. "Hayo niliyasema." Akamgeukia bintiye. "Mirriam, nilitoka na mangapi?"

"Mimi nilikuwa shule, baba." Kisha akamwambia Sheryl, "Baba husahau, dada. Jana ameacha gesi wazi. Lakini hajapata kuwa mwongo."

"Aliyetengeneza hizi hakusahau kitu," Sheryl akajibu. Akalishika gitaa la mzee, akaliangalia haraka kama mtu aliyekwisha kuamua, akalirudisha. "Na hii ni ya nne. Pole mzee, jina lako nalitoa. Siwezi kumsimamisha mbele ya watu mtu anayeuza miaka bandia. Hizi tatu nakuachia, ni mali yako."

Majirani wakatazama sakafu. Tsofa hakubisha. Alikaa, akaweka mikono magotini, akawa anayatazama yale manne moja baada ya jingine, akarudia tena tangu mwanzo.

Garini Sheryl akaniambia, "Nisamehe, fundi. Nilikushuku wewe."

Nikasema haidhuru.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala usingizi mzuri. Naandika hivi kwa kuwa Mahira ananitazama kama asiyeamini.

Jumanne, 20 Mei

Habari zimemfikia Mahira kwa njia zao za jikoni. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Babako alikataza gitaa lisiingie nyumbani," akasema. "Akasahau kukataza uwongo."

"Funga mdomo wako."

"Nshafunga. Sasa waumia nini?"

Tangu hapo ananiita bwana fundi, kama mteja. Chakula napata, maneno sipati. Na ndiye aliyenikataza kumsema mtu!

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Watu wa barazani wanauliza habari za yule mzee tapeli wa Tudor. Mimi sikusema tapeli. Wamelitia wao.

Jumamosi, 24 Mei

Amekuja. Amelowa mpaka soksi, gitaa amelifunga kwa mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe hakujifunika kitu. Nilidhani amekuja kugomba, nikashika nyundo kama mtu aliye kazini.

"Nimekuja kukutaka radhi, mwanangu," akasema. "Nimekutia aibuni mbele ya mteja wako."

Nikaiweka nyundo chini.

"Nimekaa nayo siku hizi zote. Mirriam asema sikufanya, lakini Mirriam ni mwanangu, atasema nini? Wewe huna sababu ya kunizulia. Na maneno ni yangu, hayo nayakumbuka. Kitu nisichokikumbuka siwezi kukikana." Akalifungua gitaa, akaliweka juu ya meza yangu. "Likwangue. Lipake liwe jipya kama siku niliyolinunua. Nikilishika nalijua, nikiliweka chini na yale mengine silijui tena. Kama nimewadanganya watu kwa alama hizi, sizitaki."

"Hapa kuna kazi, mzee."

"Wewe waiweza. Na ahsante. Watu wote wamenicheka, wewe peke yako hukunicheka."

Nilimchukia. Nasema wazi humu: nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu aliyenikosea. Mtu mwenye adabu kiasi hicho hamwachii mwenziwe pa kupumulia. Angenitukana tungemalizana. Nikamwambia arudi nyumbani abadilishe nguo, asije akafa nikaambiwa ni mimi.

Jumatatu, 26 Mei

Jana sikuligusa, uvivu tu na mvua. Leo asubuhi, kabla sijashika kazi, simu imelia, ujumbe wa Sheryl na picha. Ukumbi wa hoteli, picha ya zamani ya rangi iliyofifia, kijana mrefu mwembamba amelipindua gitaa, mkono wa kushoto umelala juu yake. Kila mtu angemjua kwa ule uso wazi. Na pale mkono ulipolala, vanishi tayari ilikuwa imeanza kufifia.

Chini ameandika: "Fundi, nafikiri nimemkosea mzee. Hii yake moja ni ya kweli, niliiangalia na hasira. Kesho nakwenda kumwomba msamaha nirudishe jina lake. Nitalinganisha na zile tatu, nijue nani alipata nafasi ya kuiga. Usimwambie bado."

Nani alipata nafasi. Kabla ya juzi gitaa lile halikutoka mkononi mwa Tsofa isipokuwa wiki moja, na wiki hiyo lilikuwa kwangu.

Lilikuwa mbele yangu mezani, zima, na alama zake zote. Ningeweza kulifunga kwenye leso, nikapanda tuktuk, na mzee angeitwa jina lake Jumamosi mbele ya watu wote. Kazi ya robo saa. Nililifikiria hilo, asije mtu akasema sikufikiria. Nikafikiri pia juu ya babu, na kibao cha mlangoni, na kwamba mzee mwenyewe ameniomba, kwa kinywa chake, kwa hiari yake.

Nikachukua msasa.

Mikwaruzo ya kucha ilitoka upesi. Ukingo haukutoka. Ule weusi haukuwa juu ya mti, ulikuwa umeingia ndani yake, na kila nilipodhani nimeufikia mwisho nilikuta mwingine chini. Matatu yale niliyatengeneza juu juu, sikujua kitu hiki huenda chini kiasi gani. Nikachukua msasa wa makali zaidi, nikasugua mpaka mti ukapata moto, na ulipopata moto ukatoa harufu: jasho, na mafuta ya nywele ya namna ambayo haiuzwi tena madukani. Harufu ya mtu. Nilisimama nikafungua dirisha, kisha nikaendelea.

Mahira alikuja akasimama mlangoni. Alitazama vumbi jeusi lililo sakafuni, akanitazama mimi. Nikamwambia afunge mlango, vumbi linaingia ndani.

Jumanne, 27 Mei

Sheryl ametoka Tudor moja kwa moja akaja hapa. Gitaa lilikuwa mezani, jeupe kama mfupa.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Mwenyewe. Muulize."

"Nimemwuliza. Amesema ni yeye." Akaitazama picha kwenye simu, akalitazama gitaa, akaitazama picha tena. "Nitalinganisha nini sasa? Na kama ilikuwa ya kweli, kwa nini aifute?"

"Wazee, dada," nikasema.

Mwavuli wake ulikuwa unachuruza. Alinitazama mikono. Kisha akasema Jumamosi ni karibu, orodha imekwisha kuchapwa, watakuwa wanne. Sijui alichokuwa akifikiri, na sikumwuliza.

Alhamisi, 29 Mei

Mkono wa kwanza wa vanishi. Jua limetoka.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Mama Ngina, nimekula mihogo ya pilipili na ukwaju. Watu walijaa. Wazee wanne wameitwa, wamepigiwa makofi, mmoja amelia. Hakuna aliyeuliza habari za mwingine. Mahira hakutaka kuja.

Jumatatu, 2 Juni

Nimelipeleka gitaa Tudor mwenyewe. Kazi safi, hata mimi nikajiona uso ndani yake. Mirriam alilitazama, akaenda jikoni.

Mzee akalipakata. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya ukingo, ukateleza ukaanguka gotini. Akaurudisha, ukateleza tena. Akaangalia, kama mtu aliyekuta kiti chake kimehamishwa.

"Lang'aa," akasema. "Mkono wateleza kidogo. Utazoea." Akanishukuru. Kisha akanisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani.

Jumatano, 4 Juni

Mirriam amekuja baada ya shule, na magitaa mawili, la babake na moja katika yale matatu. Ameyaweka mezani kando kwa kando, linalong'aa na lililoliwa.

"Fundi Sheikhan, baba hapigi tena. Hulipakata asubuhi, mkono wake ukapatafuta mahali pake, hapapati, akapatafuta tena. Jana amelia. Nimekuja unirudishie alama zake. Si za kumwuzia mtu, hakuna atakayeziona. Ni za mkono wake tu."

"Mwalimu, hilo ni jambo gumu."

"Nimekuletea hili uige. Alama ni zile zile." Alikuwa anasema polepole, kama anayemsomesha mtoto mzito. "Yasemwa baba aliyatengeneza haya yeye, na mikono yake yatetemeka hata chai yamwagika. Wewe fundi mzima wa njumu utashindwa na moja?"

Hakuwa akipepesa macho. Nikalichukua lile lililoliwa, nikaligeuza geuza kama nisiyelijua. Lilikuwa la tatu, lile bora. Kila mstari nimeuchora mimi, na lake ningeweza kulifanya kwa jioni moja nimefumba macho, mzee akalala kesho na mkono wake mahali pake.

"Alama kama hizi hazitengenezwi kwa mkono, mwalimu," nikamwambia. "Ni miaka."

"Hazitengenezwi?"

"Hazitengenezwi."

"Basi baba hakuyatengeneza," akasema.

Akangoja. Karakanani tulikuwa wawili tu. Nikamwambia mvua yaja, afadhali awahi tuktuk.